Ugali Uliogeuka Zambarau

Mume wangu hali samaki. Mtu yeyote wa Bweri anayetujua atakwambia hilo kabla hujauliza, maana mwenyewe hulitangaza. Analitangaza harusini, analitangaza msibani. Aliwahi kumtangazia hata karani wa sensa, kijana wa watu aliyekuwa ameuliza tu nyumba yetu ina vyumba vingapi.

Yeye ni mtu wa ng'ombe, kwao Butiama, vilimani. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa huko rasini, kijiji ambacho mtoto huota meno juu ya mfupa wa sato. Siku naolewa, mama mkwe alinipokea mlangoni, mzigo bado uko kichwani, akanipa masharti mawili. La kwanza: nyumba yenye kibuyu cha maziwa haiingii samaki, hata mkia, kwa sababu ng'ombe akisikia harufu yake anakata maziwa. La pili nimelisahau. Lile la kwanza lilijaa kichwani, la pili halikupata pa kukaa.

Sharti lile nimelishika. Sufuria ya samaki haijawahi kuonekana jikoni kwangu. Nikitaka samaki nilikuwaga naenda kula kwa dada yangu, narudi nimenawa kwa sabuni na ndimu mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka kuchinja.

Na dagaa nimemlisha mume wangu kila siku ya Mungu kwa miaka zaidi ya arobaini.

Ngoja nieleze, usije ukaniona mchawi.

Mtoto wetu wa kwanza aliacha kunyonya mwaka wa ukame. Ng'ombe walikufa, akabaki mmoja tu, anatoa maziwa kikombe kimoja, na kikombe chenyewe kilikuwa cha baba mkwe. Mtoto akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu, nyepesi, kama manyoya ya panya. Nikambeba mpaka zahanati. Nesi akamtazama, akanitazama na mimi, akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikasema ziwani. Akasema, "Umetoka ziwani, na mtoto anakufa kwa kukosa dagaa?" Nilitamani ardhi inimeze na khanga zangu.

Basi nikatafuta dagaa. Nikawatoa vichwa, maana kichwa cha dagaa kinatia uji uchungu. Nikawaanika tena kwa jirani, nikawatwanga, nikawachekecha kwa kitambaa, nikawachanganya ndani ya unga wa udaga. Kwa asiyejua, udaga ni muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, ukakaushwa, ukasagwa. Una harufu yake. Mgeni akiingia ghalani hudhani kuna kitu kimefia ndani ya gunia. Humo unaweza kuficha hata askari, sembuse dagaa.

Mtoto akapona. Akanenepa, akaanza kupiga wenzake. Ukoo mzima wakasema ni maziwa ya yule ng'ombe mmoja. Mume wangu akamvisha yule ng'ombe shanga, na siku alipokufa kwa uzee alilia mbele za watu. Na mimi nikalia. Msiba ni msiba.

Nikasema nitaacha mtoto akikua, lakini wakafuata wengine sita. Na unga ni mmoja, sufuria ni moja, siwezi kumpikia baba yao ugali wa peke yake kama mwanamfalme. Akala. Mtazame sasa. Umri wake umepita sabini, meno yake yote yako mdomoni, na bati likivuja anapanda mwenyewe. Kwenye harusi husimama, akajipiga mgongoni akasema mgongo huu ni maziwa. Watu wanapiga makofi. Mimi nakaa nyuma na mdomo wangu nimeubana. Jamani, kusikia kazi yako inasifiwa kwa jina la ng'ombe ni mzigo kuliko jembe.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa amani, mpaka serikali ilipoleta dawa za kupima chakula shuleni.

Mjukuu wangu ni mtoto wa yule mtoto wa kwanza. Baba yake analima pamba upande wa Bunda, akatuletea binti asome sekondari akiwa kwetu. Wakati ninaousimulia alikuwa kidato cha pili. Tangu alipopimwa malaria akiwa mdogo, akamwona mtu wa maabara akichungulia damu yake kwenye kile chombo, hana wimbo mwingine. Anataka kuwa yule anayechungulia. Mwenzake akisema anataka kuwa mwimbaji, yeye anasema anataka kuangalia damu. Nilimwambia asilisemee hilo mezani.

Mwalimu wao wa baiolojia akawaambia waje na vyakula vya nyumbani, kidogo kidogo, wavipime. Mjukuu wangu hakuniambia. Ananijua. Kwangu chakula hakitoki kwa kijiko. Anayeomba chakula changu anapewa kimejaa, kimefunikwa, na mimi mwenyewe nyuma yake, nikionje kwanza mbele ya mlaji ili ajue sina nia mbaya naye. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Mtoto akaona nitamwaibisha. Akakata kiporo cha ugali, kama kidole hivi, akakitia kwenye kikopo cha vidonge akaenda nacho.

Alirudi jioni, akaniwekea daftari mapajani. Kulikuwa na sifuri nyekundu, na chini yake neno moja, kubwa, hata mimi wa darasa la nne nililisoma bila kubabaika: UDANGANYIFU.

Akanieleza. Kuna dawa ya kahawia, ukiidondosha kwenye ugali unakuwa mweusi, ndiyo wanga huo. Ugali wake ulikuwa mweusi, sawa na wa wenzake. Halafu kuna dawa mbili nyingine za kutafuta protini, kile cha kujenga mwili. Kikiwepo, mchanganyiko unageuka zambarau. Kisipokuwepo unabaki bluu. Yai linageuka, maharage yanageuka. Ugali wa muhogo lazima ubaki bluu, mwalimu aliwaambia hivyo kabla hawajaanza. Wa wenzake wote ulibaki bluu. Wake ukageuka zambarau. Mwalimu akasema hakuosha kioo baada ya kupima yai. Akaosha mara tatu, akarudia. Zambarau. Akaandika zambarau. Mwalimu akaona amenakili majibu ya yai kwa uvivu, na anabishana juu. Akamwambia Ijumaa anapeleka orodha ya watakaoendelea na sayansi kidato cha tatu, na mtu anayedanganya alichokiona hana kazi maabara.

"Nimeandika nilichokiona, bibi," akasema. Hakulia. Angelia ningepata pa kushika.

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua, kichwa chini, mpaka mtoto akanishika mkono. Nilikuwa natupa maharage naacha mawe.

Mume wangu alikuwa uani kwa ng'ombe, na masikio yake nayo ni mazima, dagaa ni mwema kwa kila kiungo. Akaja. Akauliza nani kamwita mjukuu wake mwongo. Akasema kesho anakwenda mwenyewe, na unga wa nyumba hii, upimwe mbele yake. Muhogo wa shamba lake atausimamia popote. Nikamwambia baba watoto, hayo ni mambo madogo, niache niende mimi. Akasema mwanamke haendi ugomvini peke yake wakati mume yupo. Nikamwomba Mungu ng'ombe aamke anaumwa, kidogo tu, kwa siku moja. Ng'ombe aliamka amenenepa.

Asubuhi nilisimama dukani, mlango wa tatu kutoka kwangu, nikautazama unga wa muhogo wa dukani, mweupe, hauna dhambi. Ningeuweka kwenye kopo langu, ungebaki bluu, mume wangu angerudi nyumbani na ng'ombe wake kichwani, na ndoa yangu ingekaa salama. Na mjukuu wangu angekuwa mwongo wa milele, kwa mkono wangu. Muuza duka akaniuliza nataka kilo ngapi. Nikanunua kiberiti, nikarudi.

Tulikwenda kwa bodaboda moja, mshikaki: dereva, mume wangu katikati, mimi nyuma. Yeye alibeba kibuyu cha maziwa ya asubuhi kwa ajili ya mwalimu, maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kumgombeza. Mimi nilibeba sufuria ya ugali wa moto iliyofungwa kwa khanga, na kopo la unga. Dereva akauliza kama kuna harusi. Mume wangu akamwambia yeye hali samaki.

Maabara ni jiko, nisikudanganye. Kuna meza ndefu, kuna masufuria ya vioo, kuna harufu. Tofauti ni kwamba hakuna anayeshiba humo. Mlangoni kulikuwa na mifupa ya mtu mzima imesimama, imetundikwa kwa ndoano. Mume wangu akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini ni ndugu wa nani. Mwalimu, kijana mwenye koti jeupe lililoungua mfukoni, akasema shikamoo babu, hiyo ni plastiki. Mume wangu akairudisha kofia, lakini polepole, kama asiye na hakika.

Tukapewa stuli. Kumbe kwenye rafu, usawa wa uso wake, kulikuwa na samaki mzima ndani ya chupa ya maji ya njano, macho wazi. Kazi yake pale, mwalimu alisema, ni kufundishia. Mume wangu akaibeba stuli yake, akaigeuza, akakaa akimpa samaki mgongo. Maongezi yote yaliyofuata aliyafanya akitazama dirisha.

Nikafungua sufuria. Nikamega tonge nionje. Mwalimu akaruka kama amekanyaga moto, akasema humu ndani ni marufuku kula, ni sheria ya maabara. Nikamwambia na mimi nina sheria. Chakula changu hakiguswi na mtu kabla sijakionja mbele yake. Tukatazamana. Mwisho nikaenda mlangoni, nikasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikatoa kichwa nje, nikatafuna, nikameza, nikarudisha kichwa. Mwalimu akasema haya. Mume wangu akaliambia dirisha kwamba huo ndio utaratibu.

Nisimseme vibaya kijana yule. Alisikiliza. Akasema tutarudia kipimo, wote tukiwa tunaona, na unga wetu wenyewe. Akamwita mjukuu wangu kutoka darasani, akamwambia afanye yeye. Mtoto akaingia, akatuona, akaiona sufuria, akafumba macho kidogo. Kisha akaosha vioo. Nimewahi kuona watu wakioga kwa ajili ya ubatizo, hawakujisugua hivyo.

Kwenye kioo cha kwanza akatia unga wa muhogo kutoka kwa mpishi wa shule, kwenye cha pili wa kwangu. Maji, akatikisa. Dawa ya kwanza, nyeupe kama maji. Dawa ya pili, tone kwa tone, ya bluu, kama ile tuliyokuwa tunatia kwenye mashati meupe ya shule zamani. Unga wa mpishi ukabaki bluu. Wa kwangu ukasitasita, ukafanya haya, halafu ukageuka zambarau, zambarau ya kitenge changu cha Pasaka.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, humu ndani kuna kitu."

Mume wangu akasema kuna muhogo. Mwalimu akasema muhogo hauna nguvu hiyo. Mume wangu akasema, "Muhogo wako."  Mwalimu akatugeukia kwa heshima, akasema kama kuna kitu kimechanganywa, basi binti ameona sawa na yeye ndiye aliyekosea, atafuta sifuri na jina litaingia kwenye orodha. Lakini kama ni muhogo mtupu, itabidi aamini kwamba mtu ametia kitu kwenye unga jana usiku ili kumwokoa mtoto, na huo ni udanganyifu mara mbili. Kwa hiyo ananiuliza mimi niliyeusaga. Nimechanganya nini.

Mtoto akanitazama. Mume wangu alitazama dirisha, lakini shingo yake ilinitazama.

Nikasema maziwa.

Lilitoka lenyewe. Nikasema huwa nanyunyizia maziwa kwenye udaga kabla ya kuuanika, siri ya mama mkwe wangu, Mungu amlaze mahali pema. Nikamtwisha na marehemu. Mume wangu akasimama. Akajipiga mgongoni mara mbili, paa paa, akaiambia mifupa ya plastiki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yake, kwamba mgongo huu ni maziwa. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tulipopata mapacha. Nikajua nimeokoka, mtoto ameokoka, na marehemu amesifiwa.

Mwalimu akasema vizuri sana, hilo linapimika.

Maana, akasema, maziwa yana sukari yake. Iko dawa nyingine ya bluu, ukichemsha nayo kitu chenye sukari hiyo, inageuka rangi ya tofali. Muhogo wa udaga hauna sukari hiyo ya kutosha kuonekana. Kwa hiyo kama ni maziwa, tutayaona. Tena bahati nzuri babu amekuja na maziwa, tutalinganisha. Aliongea kwa raha, kama mtu aliyepata wageni wa maana. Gesi ya maabara ilikwisha zamani, wakaleta jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa mbichi, hauwaki. Nikapiga magoti nikapuliza. Ndiyo, nilipuliza kwa mdomo wangu mwenyewe ili uongo wangu uchemke.

Vioo viwili vikasimama kwenye sufuria ya maji ya moto. Maziwa ya kibuyu yakaanza kuwa kijani, yakawa manjano, yakawa tofali kabisa, tofali la kuchoma la pale Bweri. Mume wangu akaomba asogezewe aone, akayapongeza. Unga wangu ulikuwa bluu. Tukangoja. Bluu. Mwalimu akasema tuongeze dakika. Nikapuliza tena, moshi ukaniingia machoni, nikashukuru, maana machozi yalipata sababu. Bluu kama mbingu ya kiangazi, wala wingu hakuna.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "haijabadilika."

Akavuta daftari lake akaandika. Nilimwona anaandika, nikaisoma: bluu, hakuna. Mtoto niliyemlea, niliyemkanda miguu, akaandika kilichoonekana hata kama kinamvua bibi yake nguo mbele ya mwalimu, mume na mifupa. Hapo ndipo nilipojua ataangalia damu za watu na hatazisingizia. Na mimi je, ndiye nimnyime orodha?

"Ni dagaa," nikasema.

Mwalimu akauliza dagaa gani. Nikamwambia dagaa wa pale sokoni Mwigobero, nawatoa vichwa, nawaanika, natwanga, nachekecha, nachanganya. Na kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka nikaeleza na kipimo, kwamba kila debe la unga linapata bakuli moja, na bakuli lenyewe ni lile la maua analonywea uji babu.

 Samaki wa chupani alikuwa anatuangalia sisi wote.

"Tangu lini?" mume wangu akaliuliza dirisha.

"Tangu baba yake huyu alipovimba miguu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akamaliza mikono miwili, akarudia, akaacha.

"Hata kwenye uji?"

"Hata kwenye uji."

"Hata siku tunamzika mama?"

Nikafikiri. Sikutaka tena kudanganya katika chumba kile, vitu vyake vinasema. "Siku ile nilizidisha kidogo," nikasema. "Watu walikuwa wengi."

Akanyoosha mkono wake kwa mwalimu, mkono mtupu, akakunja shati mpaka begani. Akauliza kama dawa ile inaweza kumpima mtu. Mwalimu akababaika, akasema babu, mwili wote ni protini, nikidondosha hapo itageuka tu zambarau, tena itakuunguza. Mume wangu akauliza itakuwa zambarau ya maziwa au ya dagaa. Mwalimu akasema dawa haionyeshi ilikotoka. "Basi haijui kitu," akasema mume wangu. Akakichukua kibuyu chake akatoka. Alipofika kwenye mifupa akakumbuka kwamba zawadi hairudishwi, akageuka, akakiweka mezani, akatoka kweli. Alikwenda Bweri kwa miguu.

Mwalimu alikata lile neno jekundu kwa mistari miwili. Akamwambia mjukuu wangu, "Uliona sawa. Mimi ndiye sikutazama." Akaandika jina lake kwenye orodha mbele yangu. Nilitaka kumwachia ugali, lakini akasema umeshakuwa sampuli.

Nyumbani mume wangu hakunisemesha siku nne, na kwa siku hizo nne hakula ugali. Alikunywa maziwa. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni maziwa, mpaka ndama akawa anamtazama vibaya. Tumbo lake lilikuwa linaunguruma kama mashine ya kusaga, unalisikia ukiwa chooni. Siku ya tatu alipanda ngazi kutazama bati, akafika kipandio cha nne, akashuka, akakaa chini yake akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilipika kila siku kama kawaida. Nikaonja mbele yake. Nikafunika. Akapita.

Siku hiyo ya tatu alimpigia simu kaka yake Butiama, mkubwa wao, mtunza mila. Simu za wazee zinasikika kijiji kizima, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Kwao mtu akila samaki kwa bahati mbaya anachinja mbuzi mmoja, anajisafisha, yanaisha. Sasa walikuwa wanatafuta miaka arobaini ni mbuzi wangapi. Kaka mtu akauliza kila siku alikula samaki wangapi. Mume wangu akasema hajui, walikuwa unga. Kaka mtu akauliza kijiko kimoja cha unga kina dagaa wangapi. Wakabishana juu ya kijiko, kijiko cha chai au cha mboga. Halafu kaka mtu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama unga ni samaki.  Nikasikia kaka mtu anasema samaki ni kitu chenye jicho. Kinakutazama. Sharti lilikuwa juu ya hicho. Mume wangu akakata simu bila kuaga.

Mjukuu wangu alikuwa anasoma mlangoni. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kama ng'ombe hukata maziwa kwa samaki, basi kipimo hicho kimefanyika hapa nyumbani miaka arobaini na ng'ombe hajakata. Babu yake akamwambia asilete maabara ndani. Lakini nilimwona akienda uani, akasimama mbele ya ng'ombe muda mrefu.

Siku ya nne mchana nilikuwa nasonga ugali. Akasimama kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo hasimamagi.

"Wale dagaa," akasema. "Vichwa uliwatoa?"

"Niliwatoa."

"Vyote?"

"Baba watoto, vyote. Kichwa kinatia uji uchungu."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akavuta pumzi mpaka kofia ikapanda. "Basi hao hawakuwa samaki," akasema. Akakaa, akanawa, akaniomba nionje. Nikaonja. Akala ugali wa watu watatu, na nilipotaka kuondoa sufuria aliishika kwa mkono.

Bati alilitengeneza jioni ile ile.

Mjukuu wangu sasa yuko kidato cha tatu, na koti lake jeupe nalifua mimi, naliweka bluu ile ya zamani. Mume wangu hali samaki hadi leo. Harusini anatangaza kama kawaida, ila pale pa mgongo siku hizi anasema mgongo huu ni chakula cha nyumbani, halafu ananitafuta kwa macho kule nyuma. Mimi nafungua mdomo wangu wote nacheka.

Na nikienda Mwigobero kununua dagaa anafuatana nami, kubeba. Anasimama hatua tatu kutoka mezani, mgongo kwa dagaa, uso kwa barabara, kama anayengoja bodaboda. Mfuko anaushika kwa nyuma. Juzi muuzaji alikuwa anautia dagaa, anazungumza na jirani yake, hatazami anachokifanya. Mume wangu akamkoholea.

"Wewe mama," akaiambia barabara, "angalia vizuri humo. Kusiwe na jicho hata moja."